Usiifunge nyumba kwa ajili ya mnanaa

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilialikwa chai katika nyumba moja mtaani Bula Pesa, mjini Isiolo. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri, wakati ambao mabati ya huko hulia kwa joto na hata mbuzi hujibanza ukutani wakitafuta kivuli. Nilipopiga hodi nilifunguliwa mlango, nikavutwa ndani upesi, kisha mlango ukafungwa nyuma yangu kana kwamba kulikuwa na mwizi aliyenifuata. Dirisha nalo lilikuwa limefungwa, na juu yake zilitundikwa leso mbili zilizolowa maji. Pembeni mwa chumba kulikuwa na jiko la makaa lililokuwa likipoa polepole baada ya kuchemsha chai. Na juu ya stuli, mahali pa heshima, palikaa kopo la mnanaa.

"Usinilaumu, ndugu yangu," akasema mwenyeji wangu. "Mnanaa wangu hautaki hewa ya Isiolo. Nikifungua dirisha tu, majani yanakauka kama karatasi."

Akachukua chupa ya kunyunyizia maji, zile ambazo vinyozi hutumia, akayarashia majani mara nne, mara tano. Mwanawe wa umri wa miaka mitatu hivi, aliyekuwa amelala mkekani, akakohoa usingizini. Mimi nilikaa kwa muda wa nusu saa kichwa kikaanza kunigonga. Nilipoaga na kutoka nje, nikasimama kidogo chini ya mti kando ya barabara, kichwa kikatulia. Chai yenyewe, sina budi kusema, ilikuwa tamu.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu nyumba ile si ya pekee. Watu wengi wa mjini siku hizi wanapanda viungo vyao nyumbani, kwenye makopo, ndoo zilizopasuka na vyungu, na hilo ni jambo la kupongezwa. Anayeishi Isiolo anajua kwamba mboga na majani mengi ya kiungo huteremshwa kutoka upande wa Meru, mwendo wa kama kilomita 50, na yakifika sokoni yameshaanza kunyauka. Kuchuma jani bichi mlangoni pako ni raha, na ni akiba. Lakini ushauri unaoandamana na mimea hii, hasa ule unaohusu unyevu wa hewa, umechukuliwa kutoka nchi za baridi bila kupimwa, na sasa unawafanya watu wazima wafunge madirisha huku jiko limo ndani. Maoni yangu ni kwamba jambo hilo ni la hatari, na isitoshe, si njia nzuri ya kuutunza mnanaa.

Kwanza tuelewe shida inatoka wapi. Huko Ulaya na Marekani, wakati wa majira ya baridi, watu hufunga nyumba na kuwasha vipasha joto. Hewa ya nje ambayo ni baridi huwa na mvuke kidogo, na ikipashwa moto ndani huwa kavu mno. Ndipo wakashauriwa kurashia mimea maji, kuweka sinia za kokoto chini ya vyungu, hata kununua mashine za kuongeza unyevu. Ushauri huo umeandikwa kwa watu ambao nyumba zao zimefungwa tayari kwa sababu ya baridi. Sisi tumeuchukua, na kwa kuwa nyumba zetu ziko wazi, tukaona tuzifunge ili ushauri upate kufaa! Ni sawa na mtu aliyenunua kofia kubwa kisha akaanza kuombea kichwa kikue.

Isiolo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo nchi ya kijani inakoma na nyika ya kaskazini inaanza. Mvua ni za misimu miwili, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na misimu yenyewe si ya kuaminika. Msomaji atakumbuka ukame uliomalizika mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kufeli. Kati ya Juni na Septemba ni kiangazi, kuna upepo na vumbi, na alasiri joto huweza kuzidi nyuzi 30. Chini ya mabati yasiyo na dari huzidi hapo. Mnanaa nao ni mmea wa kandokando ya vijito. Hauna majani mazito ya kuhifadhi maji kama mshubiri. Kila jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mmea hupumua kupitia hapo, huku maji yakitoka kama mvuke. Hewa ikiwa kavu na yenye upepo, mvuke hutoka upesi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta maji kutoka kwenye udongo mchache wa kopo. Ncha za majani hukauka, kisha kingo, kisha jani zima.

Basi mwenyeji wangu hakukosea alipolaumu hewa. Alikosea katika dawa aliyoitumia, na nitaeleza kwa hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule ya msingi ataifuata.

Hewa ya nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 32 huweza kubeba kama gramu 34, yaani mara mbili. Sasa chukua asubuhi ya Isiolo, nyuzi 20, hewa ikiwa na gramu 14 za mvuke. Hapo unyevu wake ni asilimia 80 hivi, na mnanaa umenyanyuka kwa furaha. Ifikapo saa tisa joto ni nyuzi 32. Gramu ni zile zile 14, hakuna aliyeziiba, lakini sasa ni kama asilimia 40 tu ya zile ambazo hewa ingeweza kubeba, na hewa inaanza kuwa na kiu. Inanyonya maji kila inapoyapata, kwenye leso, kwenye udongo, kwenye midomo yako na kwenye majani ya mnanaa.

Je, ukiichukua ile ile na kuipoza hadi nyuzi 26? Gramu 14 zinakuwa zaidi ya asilimia 55. Umeongeza unyevu bila kumwaga tone la maji. Jambo hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote: katika nchi ya joto, njia rahisi ya kuupa mmea hewa yenye unyevu ni kuuweka mahali penye ubaridi. Kuongeza maji hewani ni kazi ya kubeba maji kwa kikapu.

Na hili la kikapu silisemi kwa mzaha. Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita mbili na nusu. Ukitaka kupandisha unyevu wake kutoka asilimia 30 hadi 50 katika joto la nyuzi 30, unahitaji kama gramu 135 za maji, yaani kiasi cha nusu kikombe hivi. Ni kidogo, sivyo? Lakini hiyo ni kwa chumba kilichozibwa kama mkebe. Dirisha likiwa wazi, hewa ya chumba huweza kubadilika mara sita kwa saa au zaidi, na kila ikibadilika unaanza upya. Hapo utahitaji takriban gramu 800 kwa saa, na kwa saa kumi za mchana ni lita 8. Hizo ni karibu nusu ya mtungi wa lita 20, zimerushwa hewani ili kopo moja la mnanaa lisinyauke. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kuwa kipimo cha chini cha maji ya mtu mmoja kwa siku. Katika mji ambao watu husukuma mitungi kwa mkokoteni, hesabu hiyo inatosha kumaliza ubishi.

Ndiyo maana watu hufunga madirisha. Wamegundua wenyewe, bila hesabu, kwamba dirisha likiwa wazi maji hayatoshi. Na hapo ndipo shida ya bustani inapogeuka kuwa shida ya siha.

Jiko la makaa linalowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na wala haihitaji moshi. Kwa hakika makaa yaliyokwisha kushika moto vizuri na kutulia, yale tunayoyaona salama kwa kuwa hayatoi moshi, huitoa kwa wingi. Gesi hii hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo damu hupita mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usioeleweka. Mtu husema ni joto, au ni malaria inayomnyemelea, akajilaza apumzike. Akilala humo humo huenda asiamke. Watoto wadogo na mama wajawazito pamoja na mimba zao huathirika upesi zaidi.

Nimesikia watu wakisema kwamba ukiweka sufuria ya maji kando ya jiko, maji yatainyonya gesi, na kwamba hewa yenye unyevu haina sumu. Tafadhali usiliamini jambo hilo. Kaboni monoksidi haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha maana, na leso mbichi dirishani haiizuii. Dawa ni moja: jiko litoke nje, au dirisha na mlango viwe wazi. Ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe nje kwanza kabla ya kuuliza maswali, kisha mpeleke hospitali hata kama ameanza kupata nafuu.

Pamoja na gesi hiyo kuna kifua kikuu. Vijidudu vya ugonjwa huu hutoka kwa mgonjwa anapokohoa na kuelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kisichopitisha hewa. Ukienda zahanati utaona wauguzi wakifungua madirisha asubuhi kabla ya jambo lolote jingine, na hawafanyi hivyo kwa ajili ya mandhari. Familia ya watu sita inayolala katika chumba kimoja, ikafunga dirisha mchana kutwa kwa sababu ya mmea, imejinyima kinga ambayo serikali haitozi hata senti.

Huenda msomaji mmoja akaniambia, "Lakini hewa kavu inatuumiza na sisi. Midomo inapasuka, watoto wanatokwa damu puani." Ni kweli kabisa, na simpuuzi. Kwa midomo na matundu ya pua, paka mafuta ya mgando kidogo na unywe maji ya kutosha. Kurashia maji sakafu ya udongo ili vumbi litulie ni desturi nzuri. Hata ile leso mbichi si adui: ukiitundika kwenye dirisha lililo wazi, upepo unaopita hupozwa na kupata unyevu kabla ya kuingia, na utaisikia tofauti usoni. Ugomvi wangu ni na kufuli, si na leso.

Turejee kwenye mnanaa, maana sikusudii kukuambia uutupe.

Ushushe kutoka kwenye stuli. Chini ya mabati joto hukaa juu, na sakafu ya saruji mara nyingi ndiyo sehemu yenye ubaridi kuliko zote chumbani. Tafuta pembe inayopata jua la asubuhi, la saa moja hadi saa nne, kisha kivuli kwa siku iliyobaki. Dirisha la mashariki linafaa, la magharibi litauchoma. Usiuweke kwenye mkondo wa upepo, kati ya mlango na dirisha; sogeza hatua mbili pembeni, chumba kitapata hewa yake na mmea utapata utulivu wake. Ukiwa na mimea mitatu au minne, iweke pamoja, kwa sababu kila mmoja hutoa mvuke unaomfaa jirani yake. Na kama una mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, mahali pazuri kuliko pote ni ubavuni mwake.

Hebu nikae kidogo kwenye mtungi, kwa kuwa una somo zuri. Kwa nini maji ya mtungi wa udongo huwa baridi sana Isiolo, Garbatulla au Wajir, na huko Mombasa huwa ya uvuguvugu tu? Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakafika nje, hewa ikayanyonya, na kila tone linalogeuka mvuke huondoka na joto. Hewa ya pwani imeshajaa unyevu, haina haja. Hewa ya Isiolo ina kiu, kwa hiyo inakupozea maji bure. Hewa ile ile inayoua mnanaa wako ndiyo inayokupa maji baridi bila friji. Na unaweza kuitumia kwa faida ya mmea vile vile.

Njia ni hii. Panda mnanaa kwenye kopo la plastiki au la bati lililotobolewa chini. Chukua chungu cha udongo kikubwa zaidi, weka mchanga kidogo ndani, tia kopo lako katikati, kisha jaza mchanga katika nafasi iliyobaki pande zote. Lowesha mchanga huo kila asubuhi mpaka uwe mbichi, lakini maji yasisimame juu yake. Chungu kitatoa jasho, mizizi itapoa, na hewa inayolizunguka shina itakuwa na unyevu zaidi kuliko ya chumba. Si jambo geni Afrika. Mwalimu mmoja wa Nigeria kaskazini, Mohammed Bah Abba, alieneza vyungu viwili vya namna hii kwa ajili ya kuhifadhia mboga na akatuzwa kimataifa mwaka 2000. Sisi tunakihifadhi kiungo kikiwa bado na mizizi, basi.

Juu ya udongo wa kopo weka kifuniko kisichozuia hewa ili maji yasipotee. Isiolo mna kitu kilicho tele na hakina bei: yale majani ya migomba yanayofungiwa vitita vya miraa. Wakala miraa wakishamaliza huyatupa chini. Yachukue, yaoshe, yakate vipande, utandaze unene wa vidole viwili. Ni mara chache sana ambapo miraa imechangia afya ya mtu.

Kuhusu kurashia majani maji, maoni yangu ni kwamba uache. Matone hukauka katika dakika chache na hewa hurudi ilivyokuwa. Maji ya visima vingi vya kaskazini yana chumvi, nayo hubaki juu ya jani kama unga mweupe. Usiku, majani yanayolala yakiwa mabichi hupata ukungu, na mnanaa una ugonjwa wake wa madoa ya rangi ya kutu ambao hupenda majani yaliyolowa. Tena jani la mnanaa huliwa bichi au hutumbukizwa kwenye chai iliyokwisha kupoa. Ukilirashia maji yasiyo safi, unakaribisha kuharisha, au kipindupindu chenyewe pale kinapozuka. Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa kumwagiwa udongo. Ya sabuni usiyatumie kwa kitu cha kula, na ya mtaroni usiyasogeze kabisa.

Ukiona utando mwembamba kama wa buibui chini ya majani, pamoja na vidoa vidogo vya manjano, hao ni utitiri, na hupenda sana ukavu na vumbi. Hapo chukua kopo lote nje, uyamwagie majani maji safi asubuhi, hasa upande wa chini, na uyaache yakauke kivulini. Huko ni kuosha, si kuongeza unyevu, na mara moja kwa juma yatosha.

Sinia ya kokoto na maji chini ya kopo? Husaidia kidogo sana, sentimita chache tu juu ya sinia. Kinachonitia wasiwasi ni wageni wanaovutiwa nayo. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye miguu ya mistari myeupe anayeuma mchana, hutaga mayai yake kwenye kuta za vyombo vidogo vya maji, na visahani vya maua ni miongoni mwa anavyovipenda. Maji yakikauka mayai hayafi. Hukaa miezi mingi yakingoja yaloweshwe tena. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi katika joto. Huyu ndiye aenezaye homa ya dengi na chikungunya, na kaskazini si mgeni: Mandera ilipata dengi mwaka 2011 na chikungunya mwaka 2016. Wasafiri na malori ya njia ile hupita. Ukiwa na kisahani chini ya kopo, mwaga maji yaliyosimama baada ya robo saa, na mara moja kwa juma kisugue kwa brashi. Kusuuza tu hakuyang'oi mayai.

Kuna pia wanaofunga dirisha kwa imani kwamba mmea wenyewe utaisafisha hewa. Habari hiyo ilianza na utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, wa mwaka 1989, uliofanywa katika vyumba vidogo vilivyozibwa. Mwaka 2019 wachunguzi wawili wa Marekani, Cummings na Waring, walipitia tafiti za miaka yote hiyo wakahesabu kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 katika kila mita mraba ya sakafu ili kufanya kazi ambayo dirisha lililo wazi hufanya lenyewe. Utalala wapi? Wengine nao huogopa kulala na mmea chumbani wakidhani utawamalizia oksijeni usiku. Kopo la mnanaa halitumii hata sehemu ndogo ya pumzi anayovuta mtoto mchanga, kwa hiyo na hao walale salama.

Na harufu yake ile kali inayofanya pua ionekane kufunguka? Huwafariji wenye mafua, lakini ni hisia ya ubaridi tu. Njia ya hewa inabaki na upana ule ule. Usimsogezee mtoto mchanga mafuta yake puani. Chai ya mnanaa baada ya chakula ni starehe, ila mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu afadhali aisogeze saa moja au mbili mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai ya mnanaa ikinywewa pamoja na mlo ilipunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini kwa asilimia 84, karibu sawa na majani ya chai ya kawaida.

Pengine kiangazi kijacho, ukiwa huna maji ya kuchezea, ni vyema usihangaike na mnanaa. Mrehani huvumilia joto vizuri zaidi, mchaichai pia ukishashika, na rozmari hutaka hewa kavu na huudhika ukiimwagia maji mara kwa mara. Dania itakuaibisha, joto likizidi hukimbilia kutoa maua kabla hujachuma. Ukiung'ang'ania mnanaa, weka akiba: kata vijiti vitatu vya urefu wa kiganja, viweke katika gilasi ya maji, badilisha maji kila siku ya pili, na baada ya juma moja au mawili vitatoa mizizi. Vikishapandwa, hapo tu ndipo vinahitaji hewa yenye unyevu mwingi kwa siku chache, kwa sababu mizizi haijazoea. Zamani tulivifunika kwa mfuko wa nailoni. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini chupa ya maji iliyokatwa kitako inafaa zaidi: ifunike juu ya mche, ondoa kizibo, na uiinue kila asubuhi hewa ipite. Umetengeneza chumba kidogo kilichofungwa, cha mmea peke yake, na nyumba yako imebaki wazi.

Mvua za Novemba zikifika, geuza kila kitu. Hewa itakuwa na unyevu wa kutosha, mchanga wa chungu uache ukauke, mimea uitenganishe ili majani yasigusane, na umwagilie pale tu kidole kikiingia kwenye udongo hadi kiungo cha pili bila kukuta ubichi. Wengi hupoteza mnanaa wao wakati huo kwa kuendelea na mazoea ya Agosti, shina likaoza chini huku juu kukiwa bado kijani.

Nilipita tena Bula Pesa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua. Nilibisha hodi na sauti ikanijibu kupitia dirishani, kwa sababu lilikuwa wazi. Jiko lilikuwa uani. Mnanaa ulikuwa sakafuni, nyuma ya mtungi wa maji, ndani ya chungu cha zamani kilichovunjika mdomo. Majani ya juu yalikuwa madogo kuliko yale ya Agosti, na mawili matatu yalikuwa na kingo kavu. Mwenyeji wangu hakupendezwa nayo sana. Alisema yale ya kwanza yalikuwa laini zaidi. Kisha akakata tawi, akalitia kwenye birika, na akaniuliza kama kichwa changu kilipona.